Haraka ya mmoja, kuchelewa kwa wote
Jinsi wapenzi wa redio za pakiti walivyosongamana hewani, na walivyojifunza kupishana

WALIOKUWA wakiishi Nairobi miaka ya 1990 hawajasahau foleni za vibanda vya simu. Unafika jioni na sarafu zako mkononi, mbele yako wamesimama watu wanane. Ndani ya kibanda yumo kijana anayezungumza na mchumba wake. Anacheka, ananyamaza, kisha anaanza upya. Nyuma yako yuko mama anayetaka kujua hali ya mgonjwa wake aliyelazwa hospitalini. Hakuna sheria inayomkataza yule kijana kuzungumza, na sarafu ni zake. Hata hivyo, kila mtu kwenye foleni anajua kwamba kuna jambo lisilo sawa.

Sasa, msomaji, hebu fikiria kibanda kisicho na mlango wala foleni. Simu ni moja tu, lakini kila mtu mjini anaweza kuizungumzia kutoka nyumbani kwake. Watu wawili wakizungumza kwa wakati mmoja, maneno ya wote wawili yanapotea. Hakuna askari wa kuwapanga, wala hakuna anayelipa. Je, simu hiyo itadumu kwa muda gani kabla haijawa kelele tupu?

Swali hilo si la kubuni. Katika miaka ya 1980 na 1990, maelfu ya wapenzi wa redio huko Marekani, Kanada, Ulaya na Japani walikuwa na mtandao wa aina hiyo hasa. Waliuita redio ya pakiti. Ulikaribia kuzimwa na wingi wa watu walioupenda, na yaliyowapata yana funzo kwa kila nyumba yenye Wi-Fi leo.

Bahasha zinazoruka hewani

Redio ya ridhaa ni mawasiliano yanayofanywa na watu binafsi kwa kupenda kwao, bila biashara, baada ya kupewa leseni na serikali. Kila mwenye leseni ana alama yake ya wito. Alama za Kenya, kwa mfano, huanza kwa 5Z. Wengi huzungumza kwa sauti, na wengine bado hutumia mlio wa Morse.

Redio ya pakiti ni kuioza kompyuta kwa redio. Maandishi hukatwa vipande vipande, na kila kipande hufungwa kama barua ndani ya bahasha. Juu ya bahasha huandikwa alama ya wito ya anayetuma na ya anayetumiwa. Kisanduku kidogo kiitwacho TNC hugeuza herufi kuwa miluzi miwili, mmoja wa hetsi 1200 na mwingine wa hetsi 2200, na redio huirusha hewani. Anayepokea akiipata pakiti ikiwa safi, kisanduku chake hurudisha risiti. Risiti isipofika, mtumaji hutuma tena.

Mwendo wake ulikuwa wa kinyonga ukiulinganisha na wa sasa. Njia ya kawaida ilipitisha biti 1200 kwa sekunde, yaani herufi 150 hivi. Pakiti kubwa ya herufi 256 ilichukua takriban sekunde mbili, ukijumlisha bahasha na muda wa redio kuamka. Picha moja ya simu ya leo yenye megabaiti tatu ingechukua zaidi ya saa tano na nusu, hata kama mji mzima ungenyamaza kuipisha.

Lakini mji haukunyamaza. Nchini Marekani, wengi walikutana kwenye masafa ya megahetsi 145.01, na kila mtu alipaswa kugawana zile herufi 150 na majirani zake wote.

Hesabu ya Hawaii

Tatizo lenyewe lilijulikana mapema. Mwaka wa 1971, Profesa Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii waliwasha mtandao ulioitwa ALOHA, uliotumia redio kuwaunganisha watu wa visiwa vile na kompyuta ya chuo. Utaratibu wake ulikuwa rahisi. Ukiwa na pakiti, itume. Usipopata risiti, subiri kwa muda wa kubahatisha, kisha utume tena.

Hesabu za mtandao huo zilionyesha jambo la kushangaza. Kila mtu akituma anapotaka, njia moja haiwezi kupitisha zaidi ya asilimia 18 hivi ya uwezo wake. Zinazobaki ni nyakati za ukimya na nyakati za pakiti kugongana. La kushangaza zaidi ni kwamba, baada ya kufika kikomo hicho, kila jaribio jipya hupunguza kinachopita. Watu wakijaribu maradufu hawapati maradufu, bali hupata kidogo kuliko awali.

Wahenga wetu walilisema hilo bila kalamu wala karatasi: haraka haraka haina baraka. Hewani, methali hiyo ni kanuni ya hesabu.

Wapenzi wa redio waliingia uwanjani mnamo Mei 31, 1978, pale wenzao wa Montreal, Kanada, walipotuma pakiti zao za kwanza. Baadaye kundi la Vancouver liliunda kisanduku cha kwanza cha TNC. Serikali ya Marekani ilifungua mlango mnamo Machi 1980, na kikundi cha TAPR kilichoanzia Tucson, Arizona, kikaanza kutengeneza visanduku ambavyo mtu angeweza kuviunga mwenyewe nyumbani. Mwaka wa 1984 ilichapishwa lugha ya pamoja ya mashine hizo, AX.25 toleo la pili. Mwaka uliofuata kisanduku cha TNC-2 kilitokea, viwanda vikakiiga, na watu wakamiminika. Msongamano ukafuata.

Kusikiliza hakutoshi

AX.25 ilirekebisha dosari moja ya Hawaii kwa kuitaka kila mashine isikilize kwanza. Ukimsikia mwingine anatuma, nyamaza hadi amalize. Je, si hilo tu linalohitajika?

La. Tazama magari kwenye taa za barabarani. Yote yamesimama kwa utulivu, lakini taa ikigeuka kijani, kila dereva anakanyaga mafuta kwa wakati mmoja. Ndivyo ilivyokuwa hewani. Mashine tano zilisubiri mwenzao amalize, alipomaliza zote zikaruka pamoja, na pakiti tano zikagongana papo hapo.

Dawa yake ilikuwa kama kurusha kete. Njia ikiwa tupu, mashine haitumi mara moja. Inabahatisha kwanza, na kwa mpangilio uliozoeleka ina nafasi moja kati ya nne ya kutuma. Ikikosa, husubiri sehemu ya kumi ya sekunde, husikiliza tena, kisha hubahatisha upya. Ucheleweshaji huo mdogo huwatawanya watumaji, kila mmoja akapata upenyo wake.

Jambo la pili lilikuwa gumu zaidi. Tuseme kuna kituo kileleni mwa milima ya Ngong. Mtu aliye Karen anakisikia, na mtu aliye upande wa Magadi anakisikia pia. Lakini wawili hao hawasikiani, kwa sababu mlima umesimama katikati yao. Yule wa Karen anasikiliza, anaona kimya, anatuma. Wa Magadi naye anasikiliza, anaona kimya, anatuma. Kule kileleni sauti zao zinagongana, na kituo hakiambulii chochote. Kila mmoja ametimiza wajibu wake, na bado wameharibiana. Adabu ya masikio pekee haiwezi kumlinda mtu usiyemsikia. Ni lazima ukumbuke kwamba yupo.

Ukarimu uliogeuka mzigo

Ili kufika mbali, wapenzi wa redio walitumia vituo vya kurudia. Kituo kama hicho hupokea pakiti yako na kuirusha tena mbele, na AX.25 iliruhusu kupitia vituo hadi vinane. Ulikuwa ukarimu mkubwa. Mtu alinunua redio kwa fedha zake, akapanda mlima na eriali mgongoni, akalipia umeme, na wote wakafaidi. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Lakini kituo hicho hurusha tena kwa masafa yale yale. Pakiti moja ikipitia vituo vitatu, inakula muda wa hewani mara nne. Risiti nayo hurudi kwa njia ile ile.

Hebu tupige hesabu pamoja. Tuseme kila mruko unafaulu mara 80 kati ya 100, jambo linaloonekana zuri. Pakiti inayopitia vituo vitatu ina miruko minne. Kati ya pakiti 100, zitakazofika ni 41 tu. Risiti nazo zina miruko minne ya kurudi. Mwishowe mtumaji anapata risiti 17 kwa kila pakiti 100 alizotuma, na anazituma tena zile 83 nyingine, hata zile ambazo kumbe zilishafika. Kila anayetuma tena anaongeza migongano, na migongano inawafanya wengine nao watume tena. Njia inajaa, lakini habari haziendi.

Hapo ndipo tabia ya mtu binafsi ilipopimwa. Mwenye kisanduku aliweza kuchagua kisubiri sekunde ngapi kabla ya kutuma tena, kijaribu mara ngapi kabla ya kukata tamaa, na kitume pakiti ngapi mfululizo, hadi saba, bila kupumzika. Aliyekosa subira alipunguza sekunde na kuongeza majaribio. Wapo waliozima ule mchezo wa kete ili mashine yao iruke mbele kila mara. Kwa siku chache waliona faida. Kisha jirani aliyechelewa akafanya vivyo hivyo, na jirani wa jirani pia. Punde si punde wote wakawa wanapiga kelele, na aliyeanza hana tena nafasi ya mbele, kwa sababu wote wako mbele.

Matangazo ya kila mtu kwa kila mtu

Chanzo kingine cha msongamano kilikuwa mabaraza ya ujumbe. Kompyuta moja mjini ilihifadhi barua, na mtu aliingia kwa redio kuzisoma. Usiku au mchana, baraza lilipitisha barua kwa baraza jirani, nalo kwa jirani yake, hadi zikavuka nchi. Mtu wa Ohio aliweza kumwandikia mwenzake wa Ufaransa bila kulipia hata senti.

Barua ya mtu kwa mtu ilipita njia moja tu. Tangazo la wote lilinakiliwa katika kila baraza la jimbo, la nchi, wakati mwingine la dunia nzima. Mtu akiuza eriali kuukuu asiyoweza kuisafirisha hata hadi mji wa pili, alilipeleka tangazo lake kila pembe ya dunia. Haikumgharimu chochote. Gharama iliwaangukia wengine, yaani masaa ya hewani yaliyoibwa sekunde kwa sekunde.

Isitoshe, kulikuwa na swali la nani awajibike kwa yaliyoandikwa. Mapema mwaka wa 1991, wakati wa Vita vya Ghuba, wenye mabaraza kadhaa Marekani walipewa ilani na serikali kwa sababu mashine zao zilipitisha tangazo lililowaomba watu wapige simu ya kulipia ili kupinga vita. Hawakuliandika wao. Mashine zililipokea na kulipitisha wenyewe wakiwa wamelala. Katika miaka iliyofuata kanuni zilirekebishwa ili lawama iwe hasa kwa aliyeandika na kwa kituo cha kwanza kupitisha. Hata hivyo, funzo lilibaki kwamba anayekopesha njia yake anakopesha na jina lake.

Walivyojinasua

Hakuna dawa moja iliyoponya ugonjwa huo. Zilikuwa nyingi, na kila moja ilimtaka mtu aache kidogo ili apate zaidi.

Kwanza walitenganisha barabara. Mabaraza yaliondolewa kwenye masafa ya watumiaji wa kawaida na kupewa masafa yao ya juu zaidi, mara nyingi kwa mwendo wa biti 9600. Ni kama kuyaondoa malori barabara ya mtaani na kuyapeleka barabara kuu.

Pili, mwaka wa 1987 kulitokea programu ya NET/ROM. Badala ya risiti kusafiri kutoka mwisho wa safari hadi mwanzo, kila kituo kilimpa risiti jirani yake wa karibu. Pakiti ikipotea, inarudiwa pale ilipopotelea tu, si safari nzima.

Tatu, matangazo yalipewa namba za utambulisho. Baraza likiambiwa kuna tangazo jipya, hutazama namba yake na kujibu, "Hilo ninalo tayari." Programu ya FBB kutoka Ufaransa ilienda hatua moja mbele kwa kuzibana barua ziwe fupi kabla ya kuzirusha.

Nne, Wajerumani walitumia utaratibu wa kuitwa zamu. Kituo kikuu kilimuuliza kila mtumiaji kwa zamu yake: una kitu? Ambaye hajaulizwa alinyamaza. Hata yule aliyejificha nyuma ya mlima hakuweza kumgonga mwenzake, kwa sababu mpangaji alikuwa mmoja na aliwasikia wote.

Na tano, jambo ambalo halikuhitaji mashine yoyote, watu walirekebisha tabia. Walipeleka mafaili makubwa usiku wa manane. Walipunguza idadi ya pakiti za mfululizo. Walisafisha barua zao mapema ili baraza lisijae. Tangazo la mtaa waliliacha mtaani.

Mpenzi wa redio aliyeisaidia intaneti

Oktoba 1986, intaneti yenyewe, iliyokuwa bado changa, iliugua ugonjwa huo huo. Kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, umbali wa mita mia chache tu, mwendo uliporomoka kutoka biti 32,000 hadi biti 40 kwa sekunde. Hizo ni herufi tano. Kompyuta zilikuwa zinatuma tena na tena bila kupumua. Mtaalamu Van Jacobson aliuchunguza mkasa huo, na mwaka wa 1988 akachapisha njia za kuifundisha kompyuta ipunguze mwendo inapoona dalili za msongamano.

Kabla ya hapo, mwaka wa 1987, Phil Karn pamoja na Craig Partridge walikuwa wametoa sehemu nyingine ya jibu. Karn ni mpenzi wa redio ya ridhaa, mwenye alama ya wito KA9Q, na alikuwa akipitisha lugha ya intaneti kwenye redio za pakiti, mahali ambapo pakiti hupotea kila mara. Aligundua kwamba mashine ikishatuma tena, haiwezi kujua risiti iliyofika ni ya barua ya kwanza au ya pili. Ikikisia vibaya, hudhani njia ina kasi kumbe imejaa, na huzidi kuisonga. Shauri lake lilikuwa usiiamini risiti yenye utata, na unapokosa jibu, ongeza muda wa kusubiri maradufu. Kanuni hiyo bado inaitwa kwa jina lake.

Mwaka wa 1990 Karn alipendekeza pia namna ya kuwasaidia wasiosikiana. Anayetaka kutuma aombe ruhusa kwa ujumbe mfupi, anayepokea ajibu "tuma," na wote wanaolisikia jibu hilo wanyamaze. Yule wa Magadi hamsikii wa Karen, lakini atakisikia kituo cha kileleni kikitoa ruhusa. Wazo kama hilo limo ndani ya kanuni za Wi-Fi zilizotolewa mwaka wa 1997.

Wakati wa dhiki

Mtu anaweza kuuliza, haya yana uzito gani sasa kila mtu ana simu? Jibu huonekana simu zinaponyamaza. Kimbunga Maria kilipoipiga Puerto Rico mnamo Septemba 2017, umeme na minara ya simu ilianguka. Shirika la Msalaba Mwekundu la Marekani liliomba wapenzi wa redio 50 wa kujitolea wasaidie kupeleka habari za walionusurika. Barua hizo hupita njia nyembamba. Kila sekunde inayoliwa na porojo inamnyima mtu nafasi ya kujua kama mama yake yu hai.

Somo hilo limejitokeza pia katika APRS, mtindo wa pakiti ulioanzishwa na Bob Bruninga, aliyefundisha katika chuo cha jeshi la majini la Marekani huko Annapolis na kufariki mwaka wa 2022. APRS huonyesha mahali gari, kituo au mtu alipo. Amerika ya Kaskazini hutumia megahetsi 144.39 na Ulaya 144.80. Hapo zamani baadhi ya watu waliagiza pakiti zao zirudiwe mara saba kila upande, na dakika moja ya gari kuegeshwa nje ya nyumba ikajulikana majimbo matatu mbali. Katikati ya miaka ya 2000 Bruninga alihimiza mpangilio mpya, kwamba miruko miwili inatosha kwa wengi, na kituo kisichohama kinaweza kujitangaza kila baada ya nusu saa. Anayerusha puto hadi kilomita 30 juu hahitaji kurudiwa kabisa, kwa kuwa upeo wake wa macho unapita kilomita 600 na anasikika na miji mingi kwa mpigo.

Aliye juu zaidi ndiye anayepaswa kusema machache zaidi. Hilo nalo ni funzo hata nje ya redio.

Na hapa kwetu?

Teknolojia hii iliwahi kufika Afrika kwa kazi ya kuokoa maisha. Shirika la SatelLife, lililoanzishwa mwaka wa 1987 na daktari wa moyo Bernard Lown, lilitumia setilaiti ndogo ya UoSAT-3 iliyoundwa na Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza, na kurushwa Januari 1990. Mtandao wake wa HealthNet uliwaletea madaktari wa nchi kadhaa za bara hili, Kenya na Tanzania zikiwemo, makala za tiba na barua kwa njia ya pakiti. Setilaiti ilipita angani kwa dakika chache tu, kisha ikatoweka nyuma ya upeo. Aliyetaka jibu la kumtibu mgonjwa alijifunza kuandika kwa ufupi.

Nawe msomaji, hata kama hujawahi kuishika redio, unaishi ndani ya kibanda hiki cha simu. Wi-Fi ya nyumbani ni redio. Simu ya baba, tarakilishi ya binti anayefanya utafiti wa chuo na runinga ya sebuleni zote hutumia njia moja, husikilizana, na hubahatisha kidogo kabla ya kutuma. Ukiishi kwenye jengo la ghorofa, huenda unagawana hewa hiyo na majirani wa juu na wa chini pia. Anayepakua filamu nzima saa mbili usiku, wakati mdogo wake anatuma kazi ya shule, anaweza kufanya hivyo saa sita usiku na kumwacha mwenzake apite.

Kwa mwanafunzi anayetaka kuujua ufundi wenyewe, mlango uko wazi. Hapa nchini leseni ya redio ya ridhaa hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na kipo Chama cha Redio ya Ridhaa cha Kenya kiitwacho ARSK. Usithubutu kurusha mawimbi bila leseni, maana ni kosa kisheria. Na hata ukishaipata, anza kwa kusikiliza. Sikiliza siku nyingi. Jua ni nani wako hewani, wanazungumza saa ngapi, na nani yuko nyuma ya mlima usiyemsikia. Kisha weka mashine yako isubiri kidogo kuliko inavyolazimika.

Turudi kwenye kile kibanda cha miaka ya 1990. Mara nyingine yule kijana aligeuka, akamwona mama aliyesimama na sarafu mkononi, akamwambia mchumba wake, "Nitakupigia baadaye," akatoka nje. Hakuna aliyemlazimisha. Foleni ilisogea hatua moja, na mama akapiga simu yake hospitalini. Mitandao yote iliyotajwa hapa, kuanzia visiwa vya Hawaii hadi sebuleni kwako, huendelea kufanya kazi kwa sababu ya watu na mashine zinazokubali kusema maneno hayo.